Jipu Nililoliita Mgongo

Maumivu yalianzia takoni, upande wa kulia, yakashuka nyuma ya paja hadi unyayoni kama waya wenye umeme. Nilimwambia mama ni mgongo. Nina digrii, nimebishana na wahubiri na waganga wa Nyansurura nzima, lakini kwetu Wakurya mwanamume aliyetahiriwa hamtajii mama yake tako. Hilo sikuwahi kulihoji.

Basi mgongo ukatibiwa. Ukakandwa kwa maji ya moto, ukapakwa samli, ukafungwa kanga. Dada yangu alikuwa anaolewa mwezi uleule na mimi ndiye niliyetarajiwa kuongoza ngoma ya ritungu, inayochezwa kwa kuruka. Sasa nilichechemea hata kwenda chooni. Baba mdogo alisema labda wakwe wamenihonga ili bwana harusi ang'are peke yake.

Kilichonisumbua akili ni homa iliyokuja pamoja na maumivu hayo. Malaria sikuwa nayo, nilishapima. Hospitalini, nilikopelekwa na mama na bibi, nikamuuliza daktari aliyedhani ni uti wa mgongo: kama mshipa wa fahamu umebanwa na mfupa, joto hili linatoka wapi?

"Swali zuri," akasema. "Maumivu yanaanzia wapi hasa?"

Mama alikuwa amesimama kando yangu.

"Mgongoni."

Bibi, ambaye ni mtani wangu na huniita mume wake, akagonga fimbo sakafuni. "Daktari, huyu mume wangu ni mwongo. Mwangalie anavyokaa upande mmoja, kama kuku aliyewekewa mayai ya bata. Mgeuze."

Mama akatoka nje haraka. Daktari akabonyeza, nikaruka. Ultrasaundi ikaonyesha usaha ndani kabisa ya msuli wa tako, umeubana mshipa mkubwa unaoshuka mguuni. Alisema wengi wenye maumivu kama yangu tatizo lao huwa ni uti wa mgongo kweli. Jipu la msuli ni nadra. Nikajisikia fahari kuwa nadra. Wakaunyonya usaha kwa sindano, wakanitundikia dawa, na siku zilivyokwenda vidole vya mguu vilivyokuwa vimekufa ganzi vikaanza kuniitikia, kimoja kimoja. Nilicheka peke yangu wodini hadi jirani wa kitanda akaomba naye apewe dawa ninayopewa mimi.

Harusini nilicheza. Sikuruka juu sana, lakini nilicheza, bibi akinipigia vigelegele kama mke halali. Mama akanisogelea na soda, uso mkavu.

"Mgongo unaendeleaje?"

"Umepona, mama."

"Usiukalie sana," akasema, na mabega yake yakaanza kutikisika.