Wanahisa wa Marudio Walipokataa Kupunguzwa

Siku ya kwanza ya kazi nilivaa viatu vipya vilivyonibana, nikakaa nyuma ya meza katika ofisi ndogo ya wakala wa hisa pale Shinyanga mjini, nikingoja wateja. Asubuhi yote hakuja mtu. Mchana akaingia mwalimu mmoja wa shule ya msingi, akavua kofia, akasema anataka kununua hisa. Nikanyanyuka haraka kumletea fomu. Meneja wangu, mtu mnene mwenye sauti ya upole, akanizuia kwa mkono.

"Kwanza muulize anadhani ananunua nini."

Mwalimu akajibu kwamba anaweka fedha zake, kisha atazichukua na faida yake mwisho wa mwaka.

"Hapana, Mwalimu," Meneja akamwambia. "Hapa huweki, unanunua kipande cha kampuni. Ikinenepa unanenepa nayo, ikikonda unakonda nayo. Na siku ukitaka kutoka, lazima apatikane mtu wa kukinunua kipande chako."

Mwalimu akavaa kofia yake, akaondoka. Nilidhani tumempoteza. Wiki iliyofuata alirudi na mkewe, wakanunua.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kazi. Kutoka Shinyanga nilihamishiwa Kahama, na huko nilizunguka sana: kwa wenye mashine za mpunga wa Kagongwa, kwa walimu na wauguzi wa Masumbwe, kwa wafugaji waliokuwa wameuza ng'ombe na hawakutaka fedha ilale ndani. Ndipo ikaanzishwa kampuni ya Rwamgasa, ambayo watu wote waliiita Kampuni ya Marudio. Marudio ni mchanga uliokwisha kusagwa kwenye makarasha, mashine za kuvunjia mawe, na kuoshwa na wachimbaji wadogo. Dhahabu kidogo hubaki ndani yake, na mtambo wenye dawa kali huweza kuitoa. Kampuni iliwauzia wananchi hisa, kisha hisa hizo zikaandikishwa kwenye soko la hisa, upande ule wa kampuni ndogo zinazokua. Mimi mwenyewe niliuza nyingi. Baada ya muda Mwenyekiti wa Bodi akaniita niende Rwamgasa, nikawa katibu wa kampuni.

Vijana wengi wakisikia "katibu" wanafikiri ni mtu wa kupiga chapa. Katibu wa kampuni ndiye anayeitisha mikutano, anatunza daftari la wanahisa, anahakikisha sheria inafuatwa, na yuko katikati ya bodi na wenye mali. Mvua ikinyesha upande wowote, yeye analowa.

Ninyi leo mnaangalia bei kwenye simu. Zamani zile wanahisa wengi walinipigia mimi. "Mama Nyanda, imeamkaje?" waliniuliza, kama wanaulizia mgonjwa. Na kweli bei ya hisa ya kampuni ndogo ina homa za ajabu. Wanunuzi ni wachache, siku nyingine hakuna hata mmoja. Mtu mmoja akiuza hisa zake kwa bei ya chini kwa sababu ana ada ya mtoto, bei hiyo ndiyo inayotangazwa, na kila mwanahisa analala akiwa maskini zaidi ingawa mtambo unafanya kazi kama jana.

Mkurugenzi Mtendaji wetu alikuwa mhandisi, na wote tulimwita hivyo, Mhandisi. Alikuwa mchapakazi mwenye haraka, anayekula chakula cha mchana amesimama. Mwaka mmoja alirudi kutoka bwawani uso umembadilika. Bwawa la maji ya dawa, lile linalopokea uchafu wa mtambo, lilikuwa limeanza kuchoka. Turubai nene lililotandikwa chini lilikuwa limepasuka sehemu kadhaa. Lilihitaji kutandikwa upya, na matangi mawili yalihitaji kubadilishwa, kabla ya masika. Benki ilikataa kutukopesha.

Bodi ikampata mwekezaji kutoka Dar es Salaam. Alikuwa tayari kuleta fedha yote, kwa sharti kwamba kampuni itoe hisa mpya zinazolingana na zote zilizokuwepo, na azinunue kwa bei ya chini kuliko ya sokoni. Mwenyekiti alinitaka niandae mkutano mkuu maalumu. Nilipotuma tangazo, habari zilienea kabla hata barua hazijafika. Bei ikaanguka wiki ileile, ikashuka chini ya nusu ya ile waliyonunulia watu.

Wa kwanza kuja ofisini alikuwa Mama Kulwa. Alikuwa mama wa mapacha, anapika wali na maharage kwa vijana wa makarasha, na hisa zake alizinunua kidogokidogo kwa faida ya sufuria zake. Hakutaka kukaa.

"Mwangaluka, Mama Nyanda. Nieleze taratibu, maana huko nje wanapiga kelele tu. Hisa zangu zipo?"

"Zipo zote."

"Hakuna aliyeziiba?"

"Hakuna. Ila zikitolewa nyingine nyingi kama hizo, kampuni itakuwa na wenyewe wengi zaidi. Ulikuwa na kipande chako, sasa kipande hicho kitakuwa nusu ya kilivyokuwa. Hata gawio likija, linagawanywa kwa watu wengi. Hata kura yako inapungua nguvu."

"Kwa hiyo nimelala na ng'ombe, nimeamka na ndama, na zizi halikuvunjwa."

"Fedha ya huyo mgeni nayo inaingia kwenye kampuni, Mama Kulwa. Hupotezi bure. Shida ni bei anayonunulia."

"Na mimi mbona sikuulizwa kama naitaka hiyo bei?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe.

Siku hizohizo Mzee Luhende akapanda pikipiki yake. Alikuwa mwanahisa na mchimbaji wa zamani, aliyewahi kumiliki maduara mawili, mashimo ya dhahabu, kabla kifua hakijamkataza kushuka chini. Alizunguka Rwamgasa, Masumbwe hadi Kagongwa akikusanya fomu za uwakilishi za waliopinga. Mwanahisa asiyeweza kufika mkutanoni hujaza fomu hiyo, akamteua mwenzake ampigie kura. Ili bodi ishinde ilihitaji robo tatu ya kura, zikihesabiwa kwa hisa na si kwa vichwa. Wajumbe wa bodi na marafiki zao walikuwa na hisa zaidi ya nusu. Wadogo walihitaji kufikisha zaidi ya robo tu kulizuia azimio, lakini robo ile ilikuwa imetawanyika vijijini, kwa watu ambao wengine hawakuwahi kuhudhuria mkutano hata mmoja.

Fomu zilikuwa na siku ya mwisho ya kupokelewa. Siku hiyo, mchana, Mhandisi aliingia ofisini kwangu akafunga mlango.

"Mama Nyanda, funga ofisi. Watumishi wote waende mtamboni, kuna mafunzo ya usalama."

"Waende, Mhandisi. Mimi nitabaki. Tangazo nililosaini linasema fomu zinapokelewa hadi saa kumi jioni."

"Nani anakulipa mshahara?"

"Kampuni."

"Na kampuni inasema ufunge."

Nilikuwa nimebakiza miaka michache kustaafu, na mtu anayefukuzwa kwa utovu wa nidhamu haondoki kama anayestaafu kwa heshima.

"Mhandisi, ukiniandikia amri hiyo kwa maandishi nitaitii, na nitaisoma mkutanoni nikiulizwa kwa nini tulifunga."

Nilidhani atapiga kelele. Badala yake alivuta kiti cha wageni akakaa, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mchana.

"Unadhani nawachukia hawa watu?" akaniuliza. "Masika yanakuja. Bwawa lile likivuja, maji ya dawa yanaingia kwenye visima. Ng'ombe watakunywa, watoto watakunywa. Hapo hapatakuwa na hisa ya kupunguzwa wala ya kuongezwa. Afadhali mguu mmoja wa ng'ombe aliye hai kuliko ng'ombe mzima aliyekufa."

"Basi waambie hivyo mkutanoni, kama ulivyoniambia mimi."

Alinyanyuka akatoka bila kuaga. Amri ya maandishi haikuja. Nilikaa peke yangu nikitazama barabara, na sikujua naomba nini: Mzee Luhende afike, au asifike. Mhandisi alikuwa amenitia hofu ya kweli. Saa kumi ilipokaribia pikipiki ikaingia uani. Mzee alikuwa mwekundu kwa vumbi hadi kwenye kope, ameshika bahasha iliyofungwa kwa mpira wa tairi. Alikuwa amepata pancha njiani kutoka Masumbwe.

"Nimechelewa, ng'wanone?" akaniuliza, kama anayemwuliza mwanawe.

"Hujachelewa, Baba. Shikamoo."

"Marahaba. Wabeja," akashukuru, akakaa sakafuni akikohoa.

Mkutano ulifanyika ndani ya kanisa, kwa sababu hapakuwa na ukumbi wa kutosha. Watu walijaa hadi madirishani. Mwakilishi wa mwekezaji alikaa safu ya mbele, amevaa suti, akifuta jasho. Mwenyekiti alifungua, akatangaza kwamba akidi imetimia, akampa nafasi Mhandisi. Naye alisema kila kitu, kuhusu bwawa, masika na visima. Niliwaona baadhi ya wale waliokuja wamekaza nyuso wakianza kutazamana.

Mzee Luhende akasimama. "Bwawa tumelielewa. Mimi nimechimba miaka mingi, najua maana ya ukuta unaochoka. Naomba mwenyekiti atujibu moja. Mgeni anauziwa kwa bei ya chini kuliko ya soko. Sisi wenyewe tuliwahi kuulizwa kama tunazitaka kwa bei hiyo, tukakataa?"

Mwenyekiti alimgeukia Mhandisi, Mhandisi akanigeukia mimi. Nilisimama nikajibu kwa sauti ili waliokuwa nje wasikie, kwamba hapana, wanahisa hawakuwahi kuulizwa.

Kura zikapigwa. Wakaguzi wa hesabu walihesabu mezani mbele ya madhabahu huku watu wakisimama juu ya mabenchi. Waliporudia hesabu mara ya pili nilijua kwamba tofauti ni ndogo. Mwenyekiti alipokea karatasi, akaisoma kimyakimya, kisha kwa sauti: azimio halikufikisha robo tatu. Limeanguka.

Vigelegele vilipigwa, lakini havikudumu. Mhandisi alikuwa amesimama.

"Mmeshinda," akasema. "Sasa niambieni, bwawa nalitandika kwa fedha gani?"

Walikuwa wamejiandaa kukataa tu. Hatimaye sauti ikatoka upande wa kina mama, sauti ya Mama Kulwa.

"Tuuzieni sisi. Kwa bei ileile ya mgeni."

Kitu alichokiomba kipo katika sheria za soko. Kinaitwa toleo la haki: kila mwanahisa wa zamani anapewa nafasi ya kwanza kununua hisa mpya kwa kadiri ya alizonazo, ili kipande chake kisipungue. Bodi ilikubali shingo upande, na mwekezaji akasema atanunua zitakazobaki, kama zitabaki.

Majuma yale yalikuwa magumu kuliko mkutano. Mawingu yalianza kukusanyika upande wa ziwa. Bei sokoni iliendelea kushuka, na kila iliposhuka watu waliniuliza kama si ujinga kutia fedha nyingine kwenye kampuni ile. Sikuruhusiwa kuwashauri. Niliwaambia ninachokijua, hatari pamoja na matumaini, wakaondoka na kuamua wenyewe. Wengine waliuza ng'ombe mnadani. Wengine waliuza mpunga ukiwa bado shambani. Mimi nami, niliyekuwa na hisa chache za utumishi, nilinunua sehemu yangu yote, na usiku sikupata usingizi.

Mama Kulwa hakuweza. Dotto, mdogo wa mapacha wake, alilazwa muda mrefu, na kilichokuwepo kiliishia hospitalini. Haki ya kununua nayo huuzwa, na nilipomweleza hivyo aliiuza kwa Mzee Luhende, mwenye mifugo. Alitia kidole gumba kwenye karatasi mbele yangu, akafuta wino kwenye khanga.

"Kwa hiyo mimi niliyesema tuuziwe, ndiye ninayepungua."

"Ndiyo, Mama Kulwa."

Kwa muda mrefu hakumsalimia Mzee Luhende, ingawa mzee hakumdhulumu chochote na alimlipa bei nzuri kuliko ya wengine.

Toleo lilinunuliwa karibu lote. Mwekezaji alichukua kipande kidogo kilichobaki na akatulia kama mwanahisa wa kawaida. Bwawa lilimalizika kutandikwa mvua ya kwanza ikinyesha, Mhandisi akiwa kwenye tope hadi magotini. Halikuvuja. Bei ya hisa ilichukua miaka kupanda, polepole, na hadi ninastaafu ilikuwa haijafikia ile ya mwanzo. Gawio lilirudi, dogo. Siku ya kuniaga Mhandisi alinipa mkono mbele ya watu, akasema kwamba mimi ndiye mtumishi pekee aliyemtaka aandike amri yake. Watu walicheka wakidhani ni utani.

Ninyi mnaoingia kwenye kazi hii mtaniuliza nani alikuwa na haki. Nimelifikiria sana. Mhandisi alisema kweli kuhusu bwawa. Wanahisa walisema kweli kuhusu bei. Na Mama Kulwa alipungua katika ushindi alioutafuta mwenyewe. Kampuni ndogo haiwezi kukua bila fedha mpya, na fedha mpya lazima imsogeze mtu. Kazi ya katibu ni kuhakikisha anayesogezwa ameulizwa kwanza, akiwa macho, akiwa na muda wa kujibu.

Mwaka huu nilihudhuria mkutano mkuu kama mwanahisa tu. Kijana aliyechukua kiti changu alisoma ajenda vizuri, suti imemkaa. Alipofika kwenye pendekezo la kutoa hisa mpya kwa ajili ya mtambo wa pili, nilisogea hadi ukingoni mwa kiti kama mtu ambaye hajawahi kukaa upande ule wa meza. Nilitaka kuuliza bei, na kama sisi wa zamani tutaulizwa kwanza. Nilinyoosha mkono. Kijana hakuniona.

Mama Kulwa, aliyekaa kando yangu, akanisukuma kwa kiwiko.

"Simama," akasema. "Hawamwoni aliyekaa."

Nikasimama.