CD Iliyofukuza Kunguru

Wakati ule nilikuwa na kiburi cha mtu anayejua kitu ambacho mtaa mzima haukijui. Nilikuwa fundi wa kompyuta katika kafe moja ya intaneti Kariakoo, msichana pekee kati ya mafundi wote wa mtaa ule, na nilikuwa nimeweka Linux badala ya Windows kwenye mashine kubwa iliyogawa intaneti kwa zile nane za wateja. Wateja hawakujua Linux ni mnyama gani. Mimi nilijua, na nilihakikisha wanajua kwamba najua.

Kafe yenyewe ilikuwa nusu ya duka la vitambaa. Mwenye duka alikuwa Mhindu wa makamo, mtu wa mboga na dengu tangu kuzaliwa, aliyerithi kaunta kutoka kwa baba yake. Biashara zilipofunguliwa na kompyuta za mitumba zikaanza kumiminika kutoka Dubai, alilikata duka katikati kwa ukuta wa plaiwudi: kushoto vitenge, kulia intaneti. Fimbo yake ya mita ya kupimia vitambaa ilifanya kazi pande zote mbili, maana upande wetu aliitumia kuwaonyesha wateja kiti kilicho wazi.

Nje, hatua tatu kutoka mlangoni, alikaa mama mmoja wa Magomeni akiuza dagaa wakavu. Bosi alikuwa hapatani kabisa na harufu ya dagaa, lakini alipatana sana na mama, kwa hiyo meza ilibaki pale pale mwaka hadi mwaka. Waliomkosesha mama raha ni kunguru. Kunguru wa Kariakoo haogopi mtu, wala jiwe, wala matusi. Kitu pekee walichokikwepa ni CD zinazozunguka juani, na mama alikuwa amezitundika juu ya meza yake kwa uzi, zote zimetoka kwangu. Kila kifaa tulichonunua kilikuja na CD ya kukitambulisha kwa Windows, na mimi, mtu wa Linux, nilimpelekea mama bila hata kuitazama mara mbili. Nilikuwa nikimwambia hii ni takataka, atishie kunguru.

Mama alikuwa pia mteja wetu. Binti yake wa pekee alikuwa India akisomea uuguzi, na walikuwa wakiandikiana kwa barua pepe. Neno la siri mama alilichapa mwenyewe kwa kidole kimoja, taratibu, huku mimi nimegeukia ukutani kama aliyeadhibiwa shuleni. Akimaliza ananiita, maana maandishi ya kwenye kioo yalimtoa machozi, nami ndiye niliyemsomea. Wiki ninayoisimulia ndiyo wiki ya matokeo ya mtihani wa mwisho. Mama alikuwa amehesabu siku. Kupiga simu India ilikuwa anasa, na simu ya hosteli ya binti ilipokelewa na mlinzi ambaye hawakuelewana naye kwa lugha yoyote ya duniani.

Jumatatu asubuhi umeme ulikatika, ukarudi kwa hasira, ukaunguza kadi iliyokuwa ikituvutia intaneti kutoka kwenye mnara wa ghorofa ya jirani. Bosi alitoka, akarudi na kadi mpya aliyoipata kwa mfanyabiashara aliyetua usiku wa kuamkia siku ile kutoka Dubai. Wale watu huacha maboksi hukohuko ili mizigo iwe myepesi, kwa hiyo kadi ilikuja imevalishwa soksi, na CD yake imefungwa juu kwa mpira wa kufungia noti. Sikuwa hata nimefungua mashine, CD nilikuwa tayari nimeshaitundika juu ya dagaa.

Nikaichomeka kadi. Linux yangu ikaitazama kama mgeni asiye na barua ya utambulisho. Kerneli, yaani ule moyo wa mfumo unaoongea na vifaa vyote, ilikuwa ya zamani kuliko kadi. Yule mfanyabiashara alikuwa radhi kutubadilishia, atupe kadi ya aina ileile ya mwanzo, na kufikia saa sita mchana mambo yangekuwa yamekwisha. Nilikataa. Nilimwambia bosi kwamba dawa ni kerneli mpya, na kwamba nitaijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, yale maandishi ya waliouandika mfumo. Ukweli ni kwamba miezi kadhaa nilikuwa natafuta sababu ya kufanya hivyo. Nilikuwa na CD ya msimbo niliyopewa na rafiki yangu aliyefanya kazi ofisi moja Posta, na niliitunza kwenye mkoba pamoja na kitambulisho.

Mama aliniuliza kuna nini. Nikamwambia napika moyo mpya wa mashine. Akanitazama, akauliza unaiva kwa muda gani. Nikasema kesho.

Mashine ilikuwa kuukuu. Ilianza kusaga msimbo mchana, ikatoa mistari mingi kwenye kioo, nami nikakaa mbele yake nimekunja mikono kama mwenye shughuli. Umeme ukakatika katikati. Jumanne nikaanza tena, kazi ikafika mwisho, nikagundua nimesahau kuchagua kipengele cha diski, mashine ikawaka na kukwama palepale. Jumatano nikarudia. Kila nikipita mlangoni mama ananiuliza kama umeiva, na mimi najibu kesho. Bosi alimshauri aende kafe ya mtaa wa pili, mashine zao ziko hewani. Mama alikataa.

"Barua ya mwanangu isomwe na mtu nisiyemjua? Nitamngoja huyu huyu," alisema.

Nilivimba kichwa niliposikia. Najua sasa kwamba nilipaswa kuona aibu.

Jumatano jioni kerneli mpya iliwaka. Mistari ikashuka, na katikati yake nikaona jina la kadi yetu. Imetambuliwa! Nilipiga makofi peke yangu. Mstari uliofuata ukasema kadi inaomba fimwea yake na haijaipata. Taa ndogo ya kadi ikabaki giza.

Sikuwa nimewahi kukutana na jambo hilo. Kumbe kadi za aina ile huja tumbo tupu. Zina kiprogramu chake, hiyo fimwea, ambacho lazima zilishwe kila mashine inapowashwa, na kwa kuwa ni mali ya kiwanda, waandishi wa kerneli hawakukiweka ndani ya msimbo. Kerneli mpya kazi yake ni kusema tu: kadi naifahamu, nileteeni chakula chake. Chakula kinatafutwa kwingine na kuwekwa kwenye folda yake. Alhamisi nzima nilipekua CD yangu tukufu ya msimbo nikitafuta kitu ambacho hakikuwamo.

Mama alipouliza, nikaona bora nimweleze. Nikamwambia moyo umeiva, ila kuna kitu kidogo kimekosekana.

"Umepika bila chumvi," akasema, akaendelea kupepea dagaa.

Ijumaa nilikimeza kiburi changu. Nikaenda kafe ya mtaa wa pili, nikakaa kwenye kiti cha mteja, nikatafuta jina la kadi. Ukurasa wa kwanza ulinijibu kwa mistari miwili. Faili la fimwea halisambazwi huru. Lichukue kwenye CD ya Windows iliyokuja na kadi yako.

Nilitembea kurudi polepole sana. Toka mbali niliziona zikimetameta juu ya meza ya mama, zinazunguka kwa raha zao. Siku tano mama alikuwa ameketi chini ya kile alichokuwa akikingojea, na aliyekitundika ni mimi.

Nikamsalimia, shikamoo mama, akaitikia marahaba. Nikamwambia naomba CD.

"Zile takataka?"

"Moja si takataka, mama. Sijui ni ipi."

Jua na chumvi vilikuwa vimefuta maandishi yote. Ilibidi nizishushe zote. Mama hakukataa, ila alitaka kujua nani atalinda dagaa, kwa sababu yeye anaingia ndani na mimi. Tukatazamana. Bosi alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Akavuta pumzi ndefu kama mtu anayetaka kupiga mbizi, akatoka na fimbo yake ya mita, akasimama kando ya meza ya dagaa. Kunguru walishuka CD ya mwisho ilipofunguliwa tu. Wateja wa vitenge walimkuta mtu asiyewahi kugusa hata yai akipigana na ndege kwa ajili ya samaki, na hakuna aliyethubutu kucheka mbele yake.

Ndani nilizisugua CD kwa sabuni, mama akizifuta kwa pindo la khanga. Ya kwanza ilikuwa ya printa. Ya pili haikusomeka. Ya sita ikazunguka, ikakohoa, ikafunguka, na faili lilikuwamo, dogo kiasi kwamba lingeenea kwenye disketi. Nikalinakili, nikaliweka kwenye folda lilikotakiwa, nikaiamsha kadi upya. Taa ikawaka kijani. Chumba kizima kilinuka dagaa.

Mama alikuwa ameshakaa kwenye kiti. Nikageukia ukuta. Nilisikia kidole chake, herufi moja moja.

Barua zilikuwa nne. Ya Jumatatu ilikuwa imejaa furaha: mama, nimefaulu. Mama akashika kinywa chake. Ya Jumatano iliuliza kama ameipata ile ya kwanza. Ya Alhamisi iliuliza, mama, mbona kimya, umekasirika? Ya nne ilikuwa ya asubuhi ileile. Binti aliandika kwamba hajalala, kwamba mama yake hajawahi kukaa kimya hata siku mbili, kwamba bila shaka anaumwa au wamemzika na watu wanamficha. Kazi aliyopewa hospitalini anaiacha. Kesho anakwenda kutafuta tiketi.

Nilisoma hadi mwisho. Nilitaka mama anifokee.

"Andika upesi," alisema. "Mama mzima, dagaa wananunuliwa. Asiache kazi. Halafu na wewe mwandikie, mweleze ni kitu gani kilichonichelewesha."

Nimejenga kerneli nyingi tangu siku ile, na hakuna nilichowahi kuandika kikawa kigumu kama mistari mitatu niliyomwandikia binti. Jibu lilikuja kabla hatujafunga. Kwa mama lilikuwa refu, amebaki, ataanza kazi mwezi ujao. Kwangu lilikuwa sentensi moja: dada, siku nyingine tuma hata mtu kafe nyingine aniambie mama yuko hai.

Nilitoka nje kumpokea bosi zamu. Nikazitundika CD, lakini ile ya kadi nilikuwa nimeifungia kwenye droo, na pengo lilionekana. Nikafungua mkoba, nikatoa ya msimbo wa kerneli, nikaifunga uzi.

Mama akaishika, akaigeuza. "Na hii ni takataka?"

"Hapana mama. Hii ndiyo niliyokuwa naipenda."

Akaiachia izunguke.