Kamera Iliyochomwa Bambo

Saa moja na nusu asubuhi, maduka ya Chikongola ndiyo kwanza yanafunguliwa, na Sharifa Mchopa amesimama mbele ya kibanda cha fundi Stefano, bisibisi mkononi, uso umekunjamana kama wa mtu aliyekuja kulipa kisasi. Juu ya meza ya cherehani limelala begi la mgongoni, jipya kabisa, la turubai la rangi ya samawati.

"Fundi, choma," anasema.

"Dada Sharifa, jamani! Siku mbili nimelishona."

"Choma wewe, au nalichoma mwenyewe."

Stefano anageuza uso pembeni asione. Sharifa anainua mkono na kulikita begi bisibisi kwa nguvu zake zote. Mama mmoja muuza vitumbua anayepita na beseni kichwani anashtuka mpaka beseni linayumba. "Toba! Huyu naye kapatwa na nini asubuhi yote hii?"

Bisibisi imepenya turubai, imepenya sponji, kisha imegota. Ndani ya bitana Stefano amepachika vipande vya dumu la mafuta ya kula, tabaka mbili, kila upande. Sharifa anashusha pumzi. Anaomba kiraka kishonwe juu ya tundu lile, na anakaa kwenye benchi kusubiri.

"Watu wananiona chizi," anasema. "Wangeyaona yaliyonikuta, wangeniletea na nyundo."

Sharifa ana umri wa miaka thelathini na nne, anaishi Magomeni, hapa hapa mjini Mtwara, na anapiga picha. Harusi, maulidi, mahafali, na zaidi ya yote siku za mwali kutoka, pale mabinti waliokuwa ndani kwa unyago wanapotolewa nje kwa ngoma, wamevalishwa khanga mpya, vichwa wameinamisha. Akina mama wengi wanamtaka yeye kwa sababu ni mwanamke mwenzao. Kazi moja humpa kama shilingi laki moja, na mwezi mzuri huwa na kazi nne. Mwezi mbaya, anasema, hana haja ya kuusimulia.

Leo kiraka kikiisha kushonwa, ndani ya begi hilo ataweka kamera na bahasha ya picha ishirini na nne. Bahasha hiyo anaipeleka kijijini, karibu na Kilambo, kwa mwanamke anayeitwa Mwanakombo, ambaye wengi humwita Mama Saida. Amekaa nayo siku tisa. Anaogopa kuitoa.

Hadithi ya bahasha ni hadithi ya mabegi, na mabegi yalianzia Dar es Salaam.

Mwaka jana Sharifa alipanda basi kwenda Dar kununua begi halisi la kamera. Alikuwa amechoka kubeba kamera kwenye mkoba wa shule. Kariakoo akalipata: jeusi, lina vyumba vya ndani vya kupanga lenzi, chumba cha betri, mfuko wa mwavuli, na mgongoni jina la kampuni ya kamera limeandikwa kwa herufi za njano zinazoonekana toka ng'ambo ya barabara. Lilimgharimu laki moja na elfu themanini. Akalivaa palepale dukani.

"Nilijiona nimekuwa mtu," anasema.

Hakumaliza hata mitaa miwili. Alipofika kwenye kibanda cha maji akataka kutoa pochi, mkono wake ukatokea upande wa pili. Begi lilikuwa limepasuliwa kwa wembe kutoka juu hadi chini. Taa ya kamera, chaja na betri mbili zilikuwa zimekwenda. Kamera yenyewe ilipona kwa kuwa aliivaa shingoni chini ya mtandio.

"Sikusikia hata upepo. Mkono wangu mwenyewe nauona unanichungulia nyuma ya begi! Nilipiga yowe, watu wakanitazama kama mimi ndiye mwizi."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sharifa alirudi Mtwara na woga wa Dar ndani ya mwili. Akaapa begi lake lijalo halitafanana na begi la kamera hata kidogo. Akamfuata Stefano, akamwambia amshonee begi kwa gunia la katani, lile la kuwekea korosho, na maandishi yake makubwa yabaki upande wa nje. Ndani sponji, nje gunia. Nani atapoteza wembe wake kwa gunia?

Stefano anakumbuka alimuuliza mara mbili. "Nilimwambia, dada, gunia? Akasema gunia. Mteja akisema gunia, fundi anashona gunia."

Kwa miezi mingi begi lile lilikuwa baraka. Aliliweka chini sokoni, akaliacha kwenye kiti cha bajaji, hakuna aliyeligusa. Sharifa akajiona ana akili kuliko mji mzima.

Kisha msimu wa korosho ukafunguliwa. Siku moja akiwa anapita njia, kijana wa bodaboda akapunguza mwendo ubavuni pake. "Dada, hizo korosho kilo unauzaje?" Sharifa akacheka, akaenda zake. Siku nyingine mzee mmoja akamkemea kwamba korosho hupelekwa kwenye chama cha wakulima, mtu hazururi nazo mitaani. Alicheka tena.

"Hapo ndipo ningeshtuka," anasema, na hacheki sasa. "Dar, gunia ni uchafu, halina wa kulitazama. Mtwara, msimu umefunguliwa, macho ya watu yote yako kwenye gunia! Mimi mzaliwa wa hapa, baba yangu mkulima wa korosho. Nimesahauje kitu kama hicho?"

Desemba, siku ya Alhamisi, chama kimoja cha wakulima kilimwita kwenye ghala nje kidogo ya mji apige picha za kalenda ya mwaka mpya. Alifika saa tatu. Magunia yalikuwa yamepangwa safu safu uani, yanasubiri kukaguliwa. Sharifa akasalimia, akashusha begi mwisho wa safu, akarudi nyuma hatua tatu kufunga vizuri kilemba kwa sababu ya vumbi.

Hatua tatu tu.

Anayekagua magunia pale ni Rajabu Likwata, mzee wa miaka hamsini na tisa, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa moja. Anashika bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji katikati. Anakichoma kwenye gunia, anakichomoa, anamimina kiganjani korosho zilizonaswa, anaziangalia kama ni kavu, anasogea kwenye gunia linalofuata. Siku nzuri hufikisha magunia mia nne. Mkono umezoea kiasi kwamba mdomo huwa unaongea mambo mengine kabisa.

Alhamisi ile mdomo ulikuwa unaongea habari za mpira.

"Nikasikia kra!" anasema Sharifa. "Nikageuka. Chuma kimezama kwenye begi langu mpaka mkononi mwa mzee."

Hakupiga yowe. Alibaki na ncha ya kilemba mkononi, akimwangalia mzee Rajabu anachomoa bambo taratibu na kumimina kiganjani kama ilivyo ada yake. Zikamwagika chenga za sponji na vipande vya kioo. Mzee akazisogeza kwa kidole gumba. Akazinusa.

"Hizi korosho gani?" akauliza.

Wapakiaji waliokuwa na magunia mabegani walisimama nayo hivyo hivyo.

"Baba," Sharifa akasema, "hiyo ni kamera."

Mzee Rajabu anasimulia mwenyewe, na hadi leo anaposimulia anaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kana kwamba unaweza kumtoroka. "Miaka kumi na tisa nnachoma magunia, sijasikia gunia likapiga kelele. Na sijaona ntu anatia kamera kwenye gunia! Nnajiuliza, hivi nimechoma kamera ya ntu, au nimechoma ntu?"

Walifungua begi pamoja, mzee amepiga magoti. Kamera ilikuwa nzima. Lenzi ilikuwa imelala ikitazama juu, na bambo lilikuwa limeiingia usoni. Kioo cha mbele kilibanduka kipande upande mmoja, na nyufa zikatambaa kutoka hapo. Alikuwa na lenzi hiyo tu. Kununua nyingine ni kazi ya miezi mitatu bila kula. Mzee Rajabu alilia mbele za watu, na Sharifa, aliyekuwa na haki ya kulia kuliko yeye, akajikuta anamshika bega na kumwambia, "Basi baba, basi. Kosa si lako."

Na hapo ndipo akakumbuka Jumamosi.

Jumamosi ile mabinti wanne walikuwa wanatoka unyagoni kijijini karibu na Kilambo, Saida akiwa mmoja wao. Ni mtoto pekee wa Mama Saida. Mama huyo alimpa Sharifa kazi hiyo tangu Agosti, na kila walipoongea kwa simu alimaliza kwa maneno yaleyale: "Usinitupe, mwanangu. Mwali hatoki mara mbili."

Ijumaa Sharifa alizunguka mji mzima. Mpiga picha mwenzake, Innocent, alimpa lenzi yake bila maswali, lakini haikuingia kwenye kamera, aina tofauti. Jioni alijaribu lenzi iliyoumia. Ilipiga. Ila kwenye kila picha, pembeni juu, palitokea doa jeupe lililopinda, mfano wa kucha iliyokatwa.

Ilimpasa amwambie mama. Hakumwambia.

"Niliona aibu. Nitamwambiaje kwamba nilificha kamera kwenye gunia la korosho na wenye korosho wakaichoma? Nani ataamini?"

Jumamosi akaenda. Ngoma zililia, akina mama wakawatandikia mabinti khanga njia nzima, kungwi akawashikia mwavuli, na Sharifa akapiga picha akijitahidi doa liangukie angani au kwenye makuti ya paa. Mara nyingine ilimbidi achuchumae, mara apande juu ya kinu. Mama Saida alimpa sahani ya kwanza ya pilau. Aliwagawia watoto.

Ndiyo maana leo, kiraka kikiwa tayari, Sharifa hana haraka ya kuondoka Chikongola. Anaonyesha begi lake jipya, anajisahaulisha safari. Zipu iko upande unaolala mgongoni, kwa hiyo mkono wa mwizi hauna pa kuingilia. Mikanda ni mipana, haikati mabega kwenye bodaboda. Chini pana mfuko wa khanga ya akiba na chakula cha mchana, maana begi la kazi ndilo hilo hilo la kila siku. Stefano amelishonea pia ganda la kitambaa cheusi kisicho na neno, la kuvalishwa siku za safari ya Dar.

Lakini hapa Mtwara litakwenda wazi. Nyuma, kwa herufi nyeupe za kiganja kizima, limeandikwa SHARIFA PICHA, MAGOMENI, na namba ya simu.

"Dar najificha kwa sababu hakuna anayenijua," anasema. "Hapa mwizi akinichukulia begi, mama yake nimempiga picha za harusi. Atalipeleka wapi?"

Safari ya bodaboda inachukua zaidi ya saa moja. Mama Saida yuko uani anaanika muhogo. Anafurahi, anafuta mikono kwenye khanga, anaita majirani. Saida anatoka ndani na kukaa karibu na mama yake, kwa adabu ya mtu aliyefundwa juzi.

Mama anapokea bahasha, anatoa picha ya kwanza. Anatabasamu. Ya pili. Ya tatu. Kufikia ya tano tabasamu limepungua, anaanza kusugua kona ya picha kwa kidole.

"Hiki cheupe nini? Hakitoki."

"Hakitoki, mama," Sharifa anasema. Kisha anamwambia yote, kutoka gunia mpaka kalenda mpaka kioo kiganjani mwa mzee, na kwamba alijua tangu Ijumaa na hakusema. Anaongea akitazama miguu yake. Akimaliza, anasema lenzi mpya ataipata kufikia mwezi wa sita, na atarudi kumpiga Saida upya, bure, avae vilevile.

Mama Saida ana mikorosho arobaini. Kila msimu husimama ghalani moyo mkononi akiangalia bambo likiingia kwenye magunia yake, akisubiri aambiwe mazao yake ni ya daraja gani, maana hapo ndipo mwaka wake wote huamuliwa.

"Bambo?" anauliza.

"Bambo, mama."

"Yaani Alhamisi wanachoma, Jumamosi mwanangu anapita humo humo kwenye tundu?" Macho yamemtoka. Anaishika picha mbali, anaileta karibu, anamtazama Saida, anaitazama picha tena. "Haki ya Mungu! Enhe, na wakasemaje?"

"Nani, mama?"

"Wenye bambo. Mwanangu kapata daraja la ngapi?"

Jirani mmoja anaanza kucheka, kisha mwingine, na Saida anasahau adabu yote ya unyago, anacheka mpaka anaegemea ukuta. Sharifa analia na kucheka kwa pamoja, anajifuta kwa mtandio.

"La kwanza, mama. Daraja la kwanza."

"Mimi nilijua," anasema Mama Saida. "Kupiga upya sitaki, mwali hatoki mara mbili. Mwezi wa sita uje na hiyo lenzi yako mpya, anatoka mtoto wa dada yangu." Kisha anainuka na ile picha ya tano mkononi, anaingia ndani kutafuta msumari.