Bega la Baba Yako

Nakumbuka, mwanangu Rahma, Ijumaa moja baada ya sala, baba yako amekaa kwenye baraza ya nyumba yetu ya Ng'ambo akijaribu kuvaa shati. Mkono wa kushoto uliingia. Wa kulia ulikwama nusu, akakunja uso, kisha akatazama mlangoni kuona kama kuna mtu. Nilikuwepo mimi, shangazi yako. Leo asubuhi nimekuona wewe unachana nywele kwa mkono wa kushoto, na ulipogundua nimesimama nyuma yako ukahamisha kitana mkono wa kulia, ukacheka. Kaa kwanza. Chai iko kwenye birika. Nitakwambia jambo ambalo kaka yangu hakutaka ulijue, na kwa kuwa hatunaye tena, amana hiyo naivunja mimi, nami nitajibu mbele ya Mungu.

Umekua ukiambiwa kwamba bega lake liliharibika alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Nassor hakuanguka. Bega lake liliharibikia uwanjani, katika mchezo huo huo wa tenisi unaoucheza wewe.

Wakati huo alikuwa fundi wa kupiga lipu, kijana kabisa, na dari zake zilisifiwa mjini kwa ulaini. Jioni akitoka kazini, chokaa ingali kwenye nyusi, alinipitia nyumbani tukaenda kwenye uwanja wa saruji uliokuwa na neti iliyoshonwa kwa kamba za kila rangi. Mimi nilivaa suruali ndefu chini ya gauni na mtandio nimeufunga kisogoni. Wanawake wa mtaani walinisema, na yeye ndiye aliyewajibu, mpaka wakachoka. Usisahau hilo katika haya yote nitakayosema. Mimi nilicheza kwa sababu yake.

Aliyetufundisha ni Mzee Shaaban, mtu mfupi, mpole, aliyesimama pembeni mwa uwanja na kofia yake ya kiua. Alinifundisha mimi kama alivyomfundisha yeye. Alitaka tuanze na miguu. Mpira ukitoka tu kwa mwenzako, geuza mabega, sogea kwa hatua ndogo ndogo, uukute mbele yako, usisubiri ukufikie ubavuni. Raketi uishike kama unavyomshika mtoto mkono kuvuka barabara, asikuponyoke na usimuumize. Mimi nilifuata kwa kuwa sikuwa na nguvu. Nassor alikuwa na nguvu za kubeba mifuko ya saruji ghorofani, akaona hayo ni ya watu dhaifu.

Alipenda pigo la kuanzisha kuliko jingine lolote. Aliurusha mpira juu, ukaenda nyuma ya kichwa chake, akapinda mgongo na kuupiga kwa nguvu za mkono peke yake, magoti yamenyooka kama nguzo. Watu walikuja kutazama pigo hilo tu. Nami, mwanangu, nilijivuna nikiona vijana wanakwepa.

Bega likaanza kumuuma kidogo kidogo. Kwanza baada ya mchezo, kisha kazini anapoinua mwiko, kisha hata akilala. Nilimkanda kwa mafuta ya karafuu aliyotuletea mjomba kutoka Kidichi, naye akanikataza nisimwambie mtu, kwa sababu timu ya Bara ilikuwa inakuja na yeye ndiye aliyechaguliwa kucheza nao. Baada ya ile Ijumaa ya shati sikuweza kunyamaza tena. Nikaenda kwa Mzee Shaaban nikamweleza.

Mzee hakumfokea. Alimwita pembeni, mimi nimesimama hapo hapo, akamwambia, "Nassor, mkono wako unafanya kazi ya mwili mzima, na mwili mzima umesimama unautazama."

"Lakini mzee, mipira si inaingia?"

"Inaingia leo."

Kisha akamweleza kwa utaratibu. Apumzike mpaka maumivu yaishe kabisa, na timu ya Bara atacheza nayo mwengine. Akirudi, aanze upya. Mpira aurushe mbele kidogo, usimpite kichwani. Apinde magoti, asukume ardhi, kiuno kizunguke, bega lifuate, na mkono uje mwisho kabisa ukiwa mlegevu. Akasema nguvu inatoka chini, mkono kazi yake ni kuifikisha tu. Baba yako alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, akasema naam, akaondoka. Njiani hakunisemesha. Hakunisemesha tangu siku ile mpaka siku ya mchezo.

Alicheza. Mzee Shaaban alimtoa, yeye akaenda kwa wakubwa wa timu, akawaambia yuko mzima, wakamrudisha. Nilikaa na wanawake upande wa kivuli. Mpinzani wake alikuwa mtu mzima kumpita, tumbo kidogo, hana pigo hata moja la kutisha. Lakini kila mpira aliurudisha. Aliupitisha katikati, pale neti ilipo chini, ukaenda kwa mshazari mpaka karibu na mstari wa nyuma. Akivutwa pembeni hakujaribu kushinda kutoka huko, aliunyanyua mpira juu sana ili apate muda wa kurudi mahali pake. Aligundua mapema kwamba Nassor anakwepa mipira ya juu upande wa kulia, akawa anampelekea huko huko, bila haraka, bila uadui.

Seti ya kwanza baba yako alishinda kwa nguvu. Ya pili ikamtoka. Katika ya tatu akaurusha mpira juu, nyuma ya kichwa kama kawaida yake, akapinda mgongo. Waliokuwa karibu wanasema walisikia kitu. Mimi sikusikia. Niliona raketi inamtoka na mpira unadunda karibu na mguu wake. Akasimama, mkono umening'inia. Akainama akaiokota raketi kwa mkono wa kushoto, akaenda mpaka kwenye neti akampa yule bwana mkono huo huo wa kushoto, akimwomba radhi kwa hilo.

Hospitali tuliambiwa nyama ya ndani imekatika, na wakati ule hapakuwa na wa kuitengeneza hapa. Bibi yetu akampeleka shamba kwa mkandaji, naye akauvuta mkono, ukazidi kuharibika. Mwaka ulipogeuka, mkono ukawa unafika kifuani tu. Nani atampa kazi ya dari fundi wa namna hiyo? Akapata pa kuuza vitambaa Mlandege, kwenye duka la mtu, na majora ya juu aliteremshiwa na wengine. Msikitini, akihirimia sala, mkono wa kushoto ulifika sikioni na wa kulia ukabaki njiani. Mwanzoni alisimama safu ya mwisho ili asionekane. Ulipozaliwa wewe alikupokea kwa mkono wa kushoto, akakuadhinia, na mimi nikakutegemeza kwa chini. Hukuwahi kupandishwa begani na baba yako. Uliwahi kuniuliza kwa nini watoto wengine wanapandishwa. Nilikwambia habari ya jukwaa, kama alivyoniagiza.

Alinisamehe lini? Hakuna siku tuliyokaa tukazungumza. Ila ulipoanza kuupiga mpira ukutani kwa raketi yangu, alikuja hapa kwangu, akakaa ulipokaa wewe sasa. Chai ikapoa mbele yake. Akasema, "Dada, mfundishe wewe. Anza na miguu. Mimi nikimfundisha atataka kuwa kama mimi."

Nikamuuliza kama atakwambia ukweli. Akasema anaona haya. Mtu akianguka kazini watu humwonea huruma, lakini yeye alikatazwa na waliompenda, akaenda uwanjani. Hakulisema tena mpaka maradhi yalipomchukua.

Najua kwa nini unaficha maumivu ya bega lako. Mashindano ni wiki ijayo, na hii ni mara ya kwanza unacheza bila yeye kukaa pale ukingoni. Unataka umchezee. Mwanangu, aliyekufa hachezewi, anaombewa. Nami nimekutazama mazoezini, tangu msiba unapiga kwa hasira. Miguu imelala, mpira unaurusha nyuma ya kichwa. Sikukufundisha hivyo, na hukumwona yeye akipiga hivyo. Nilipokuona mara ya kwanza ilinibidi niondoke uwanjani nikalie nyuma ya ukuta.

Basi nasaha yangu ni hii. Maumivu yakikuamsha usingizini, mchezo umekwisha kwa sasa, hata kama kombe liko mezani. Nenda leo ukamwambie kocha wako kwa mdomo wako, usiniachie mimi nikuseme, kwa maana naujua uchungu wa kusema na najua uchungu wa kununiwa. Kesho twende kwa daktari. Ukipona tutaanza na magoti, kiuno, na mkono mlegevu, na wala hutapiga kwa nguvu mpaka nikwambie. Ukirudi uwanjani, pitisha mpira katikati ya neti, upeleke mbali, rudi mahali pako, umwache mwenzako akosee. Atakayekucheka kwa kucheza polepole mwache acheke. Na mtu anayekupenda akikwambia neno usilolitaka, hata ukikasirika, kasirika ukiwa umekaa. Usiende.

Futa machozi, chai inapoa. Mungu amrehemu Nassor, amnyooshee huko alichokosa kukinyoosha hapa. Na wewe, Rahma, Mungu akuponye, akupe umri na viungo vizima vya kuutumia umri huo, na akujaalie sikio jepesi kuliko la baba yako. Amina, mwanangu. Amina.