Bolti Iliyosahaulika Ijumaa

Mokua Orina akigonga chuma vibaya, hukiomba msamaha. Binadamu sijasikia akimwomba. Kwa miaka kumi na moja amekuwa fundi mkuu katika karakana ya Bashir mjini Migori, na kuhusu mashine ya CNC, ile inayotoboa na kuchonga vyuma kwa kuongozwa na kompyuta, neno lake lilikuwa hukumu.

Tena ni Msabato wa kweli. Ijumaa jua likielekea kuzama, hata umletee injini ya ndege, atanawa mikono aondoke. Ijumaa moja alibadilisha beringi ya mashine hiyo, akarudisha kifuniko upesi upesi, akaenda nyumbani kuipokea Sabato.

Jumamosi zamu ilikuwa ya Chrispine, baba wa watoto wanne kutoka Rangwe, aliyefunzwa kazi na Mokua mwenyewe. Alikuwa na vifuniko kumi na viwili vya pampu za maji, vyuma vizito, kila kimoja matundu sita. Saba vikaharibika, matundu yamehama. Jumapili asubuhi Bashir alikuwa akimsubiri Mokua mlangoni, amefura kwa hasira.

"Mzee, hii mashine iko na shida," Chrispine akasema. "Naiambia iende hapa, inaenda pale. Programu sijaiguza."

Mokua akaweka saa ya kupimia ubavuni mwa meza ya mashine, ile saa ambayo hata unene wa unywele inausoma. Akaisogeza meza ikiwa tupu, polepole, mbele na nyuma mara ishirini. Kila mara sindano ilirudi kwenye sifuri.

"Mashine haina kosa," akasema. "Kosa ni la mkono."

Chrispine akafutwa kazi kabla ya saa sita. Hakubisha. Aliyemfunza ndiye aliyesema; angebishana na nani? Mimi nilikuwapo, nimepeleka geti langu kuchomelewa, na nilinyamaza kama wengine. Najichukia kwa hilo mpaka leo.

Wiki tatu zikapita kwa kazi ndogondogo, vyuma vyepesi. Kisha vikaja vifuniko vingine vya pampu, na safari hii matundu yakahama mkononi mwa Mokua. Akakagua programu. Sawa. Akapima keekee inayotoboa. Sawa. Ndipo akafanya ambalo alipaswa kulifanya ile Jumapili: akaacha chuma kizito juu ya meza, akaikimbiza kwa kasi ya kazi. Mara ya tatu sindano haikurudi kwenye sifuri. Mara ya tano ilikuwa mbali zaidi.

Akafungua kifuniko cha mashine. Mota imeungwa na skrubu ndefu inayosukuma meza, na kiungo chake kina bolti mbili. Moja ilikuwa imekazwa. Ya pili aliizungusha kwa vidole. Mota ilizunguka ikidhani imefika, huku meza ikibaki nyuma kidogo kidogo. Na tangu ile Ijumaa ya beringi hakuna mwingine aliyekuwa amefungua pale. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, ila nani hupenda kuvua nguo zake azikague mbele za watu?

Alimwambia Bashir. Nampa sifa kwa hilo, ingawa sifa hainunui unga.

"Fundi, umeshakaza?" Bashir akauliza.

"Nimekaza."

"Basi wacha mambo ya nyuma. Nafasi ya Chrispine nimeshapea mtu mwingine."

Jumapili iliyofuata nilimsindikiza Mokua hadi Rangwe. Tulimkuta Chrispine akiponda kokoto kando ya nyumba, vidole amevifunga vitambaa. Mokua alikataa kiti. Alieleza yote: bolti, haraka ya Ijumaa, kile kipimo cha polepole.

"Kwa hivyo haikuwa mimi," Chrispine akasema.

"Haikuwa wewe. Nisamehe, omera, ndugu yangu."

Chrispine akaweka nyundo chini.

"Nilipata kazi Kendu Bay, mzee. Mashine kama ile tu. Nilienda siku moja. Kushika chuma, nikakusikia ukisema kosa ni la mkono. Wewe ndiye ulinifunza, nikajua huwezi kosea. Nikawaambia mimi si fundi, nikarudi nyumbani."