Mgongo kwa Uwanja

Mume wangu alikuwa na msimamo: mwanamke wa heshima haendi uwanjani kutazama mpira. Sababu zake zilikuwa tatu, na alizitaja kila mara kwa mpangilio uleule: matusi, pombe na mchanganyiko wa wanaume na wanawake. Baba yangu kule Unguja alikuwa nazo hizohizo. Alikuwa akiondoka na kaka zangu, mimi nikabaki na mama kusikiliza kelele. Nilipokuja Birmingham nilidhani nimeziacha nyuma sababu hizo, kumbe zilipanda ndege kabla yangu.

Tunakaa Saltley, na uwanja hauko mbali. Upepo ukivuma upande wetu, magoli yalikuwa yakinifikia jikoni. Nimepita miaka arobaini na sikuwahi kuona hata moja likifungwa mbele ya macho yangu. Kwenye televisheni, ndiyo, lakini televisheni haitetemeshi sakafu. Nilikuwa na hamu, na sioni haya kusema.

Siku moja kampuni ya ulinzi ikatafuta wanawake wa kupekua mikoba ya wanawake wenzao mlangoni, kisha kusimama jukwaani kuchunga watu. Mume wangu alifikiri siku mbili. Kazi ni halali, akasema, ila mpira je, nitautazama? Nikaenda kwenye mafunzo nikarudi na jibu: marufuku. Mlinzi anaupa uwanja mgongo na watu anawapa macho, tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Ukigeuka, unarudishwa nyumbani.

Alifurahi huyo! Akasema hawa Wazungu nao wana stara yao. Siku ya kwanza akanipeleka mwenyewe kwa gari.

Basi misimu miwili nikasimama ndani ya uwanja na jaketi langu la njano juu ya baibui, nisione kitu. Nilijifunza kusoma nyuso. Mikono kichwani, mpira umegonga mwamba. Wote kimya na mmoja anasali, penalti. Kwenye njia ya pili alisimama mwenzangu, Mkenya anayetunza wazee siku za kazi, na wakati wa mapumziko tulikuwa tukiunganisha tulichokisoma.

"Ile ya kwanza ilikuwa kona," namwambia.

"Zii, hiyo ilikuwa offside. Si uliona vile yule mzee alikasirika?"

Jumamosi moja goli likaingia nyuma yangu. Safu ya saba, mwanamume mwenye kofia ya kiua alikuwa amesimama juu ya kiti, anapiga mayowe, bia ya jirani inamchuruzika shingoni, na bibi mmoja wa Kizungu amemkumbatia anambusu shavuni. Alikuwa mume wangu. Alikuwa amepewa tiketi na bosi wake, akasahau kunitajia.

Nikapanda ngazi mpaka kwake.

"Sir," nikamwambia, kama tulivyofundishwa, "please shuka kwenye kiti."

Akashuka kama mtoto aliyekutwa na mkono ndani ya kopo la sukari.

Nyumbani nikamkuta anafua kofia.

"Leo kulikuwa na matusi?"

"Kidogo."

"Na pombe?"

Akaitazama kofia. La tatu sikumuuliza.

"Haya, basi nihadithie lile goli."

Akakuna kichwa. "Sikuliona vizuri. Jamaa wa mbele alisimama."

Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Yule bibi sina neno naye. Kilichoniuma ni kile kiti: alikuwa nacho, kimeelekea uwanjani, hakuna wa kumfukuza, na goli likampita.

Mechi iliyofuata niliomba ruhusa kazini. Nyumbani sikuomba, nilitoa taarifa. Nikanunua kiti cha mbele kabisa. Dakika za mwisho mpira ukatoka kulia, ukapaa, mtu akaurukia kwa kichwa na wavu ukafura. Niliuona wote, tangu mwanzo. Sakafu ilitetemeka. Nililia, na nilikuwa nimeshapanda juu ya kiti bila kujua nimepandaje.

Mbele yangu, mgongo kwa uwanja, alisimama yule mwenzangu Mkenya na jaketi lake la njano, ananitazama usoni.

"Dada, shuka kwa kiti, please," akasema kwa sauti ya kazi. Kisha akasogea karibu, midomo haichezi.

"Imeingia aje?"

Nikainama nikamhadithia.