Mkulima wa Chaki Nyekundu

Familia niliyoifanyia kazi za ndani ilipohama Riyadh kwenda Jeddah, madam alinikabidhi mimi, si wapagazi, ile picha ya sebuleni. Niliipakata njia nzima. Ilikuwa mchoro wa chaki nyekundu kutoka Ulaya ya zamani, enzi wanayoiita Baroki: mwanamke wa shamba, miguu peku, ameegemea jembe, anatazama chini. Alisimama vile vile anavyosimama mama yangu katikati ya viazi vyake, na kwa hilo nilimpenda. Nilimchukia pia. Yeye alipanguswa vumbi kila asubuhi, na mama alikuwa kitandani nyumbani kwetu Nyandarua, figo zimechoka.

Niliomba niende nikamwone angali hai. Bila idhini ya kafili, mwajiri anayekudhamini, hutoki nchi ile, hata uwe na tikiti mkononi. Baba, yaani bosi wangu, alisema nisubiri. Binti yao alisomea sanaa chuoni, na mwalimu alimtaka auchore upya mchoro ule kwa kumtazama mtu halisi. Mtu mwenyewe nikawa mimi.

"Maliza na binti kwanza," madam akasema. "Picha ikiisha, baba atakupa ruhusa. Wallahi."

Basi kila nikimaliza vyombo vya mchana nilivua viatu, nikaegemea mpini wa ufagio. Jembe litoke wapi katika mtaa wa mjini kama Aziziya? Binti alichora polepole, anafuta, anaanza tena. Mikono ndiyo iliyomshinda. Nilitamani kumnyang'anya chaki nimalize mwenyewe, hata kama vidole vingetoka kama mihogo.

Dada yangu alipiga simu nikiwa nimesimama hivyo hivyo. Mama amefariki. Niliketi sakafuni nikalia kwa sauti. Binti naye akalia, akanishika bega. Alikuwa na roho nzuri, hilo sitamnyima. Kisha akaniomba, kwa aibu, nisimame tena kidogo tu, maana mwanga wa dirishani ulikuwa unakwisha. Nikasimama.

Mama akazikwa bila mimi. Mchoro ulipokamilika wageni waliusifu, wakasema huzuni ya uso imetoka vizuri kuliko ya ule wa zamani. Walipoondoka nilimwendea baba sebuleni, nikamkumbusha ahadi ya madam. Nilitaka angalau nilione kaburi.

"Mama mafi, halas," akanijibu, yaani mama hayupo tena, basi; alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayenipunguzia usumbufu. "Ameshazikwa. Sasa unaenda kumwona nani?"